Ndege Isiyoitika

Jinsi fundi anavyotafuta ubovu wa transponda katika ndege ndogo ya zamani



Sisi tunaokaa Kasulu na Kibondo tunazijua ndege ndogo. Tumezisikia zikiunguruma juu ya migomba yetu. Tumeziona zikitua kwenye viwanja vyetu vya udongo, na vumbi jekundu likizifuata nyuma. Kwa miaka mingi zimetuletea dawa, chanjo, viongozi, na watumishi wa mashirika yanayohudumia wakimbizi. Mara nyingine huchukua mgonjwa ambaye hawezi kuvumilia safari ya kutwa nzima kwa gari.

Siku moja tulikwenda Kasulu kukagua madarasa ya kisomo. Tulipopita karibu na kiwanja cha ndege tuliona watu wengi wamesimama. Gari la wagonjwa lilikuwa chini ya mti. Ndani yake alilala mama mmoja. Daktari alikuwa ameandika apelekwe hospitali kubwa Mwanza akapasuliwe. Ndege ilikuwa imetua tangu saa tatu na nusu asubuhi. Injini ilikuwa nzima. Mafuta yalikuwapo. Mbingu ilikuwa nyeupe. Lakini rubani hakuruka.

Tuliuliza kuna nini. Tukaambiwa, "Kuna kidude kimoja hakiitiki."

Watu walianza kunung'unika. Mzee mmoja alimwendea rubani akamwambia, "Mwanangu, ndege yako inaunguruma vizuri kabisa. Hicho kidude kinazuia nini? Mtu anaumia hapa!"

Swali la mzee lilikuwa la haki. Leo tutajaribu kulijibu. Tutaeleza kidude hicho ni kitu gani, kinaharibika vipi, na fundi anautafutaje ubovu wake. Huenda wewe hutatengeneza ndege hata siku moja. Lakini njia anayoifuata fundi huyu itakufaa hata kwa tochi yako, sola yako, au mashine ya kusaga ya kijiji.

TRANSPONDA NI KITU GANI?

Kidude hicho kinaitwa transponda. Ni sanduku dogo la chuma, lapata ukubwa wa kitabu kinene. Limechomekwa mbele ya rubani. Usoni lina vifundo vya kuzungusha, namba nne, na kitaa kidogo.

Ili uielewe transponda, fikiria mlinzi wa usiku. Yuko ghalani, giza ni nene. Anasikia mtu anapita. Ana njia mbili za kumjua. Njia ya kwanza ni kummulika tochi. Mwanga unampiga yule mtu, unarudi machoni mwa mlinzi. Mlinzi anaona mtu yupo, lakini pengine hamtambui. Njia ya pili ni kuuliza, "Nani wewe?" Yule mtu anajibu, "Ni mimi fulani, natoka kisimani." Sasa mlinzi anajua mengi zaidi.

Rada nayo ina njia hizo mbili. Rada ni mtambo unaosimama ardhini na kutuma mawimbi ya redio angani. Rada ya aina ya kwanza humulika tu. Mawimbi yake huipiga ndege na kurudi. Rada ya aina ya pili huuliza, "Nani wewe?" Anayejibu ni transponda. Rubani hasemi neno. Transponda inasikia swali na kujibu yenyewe, mara nyingi kwa dakika moja.

Wewe unayesikiliza redio unajua kwamba kila stesheni ina namba yake ya megahezi. Maswali ya rada nayo yana namba yake. Dunia nzima rada huuliza kwa megahezi 1,030. Transponda hujibu kwa megahezi 1,090. Ndiyo sababu ndege iliyoundwa Marekani miaka mingi iliyopita inaweza kuitika ikiulizwa na rada iliyoundwa Ufaransa na kusimikwa Mwanza.

Jambo hili lilianzia vitani. Mwaka 1935 Waingereza walifanya jaribio lililoonyesha kwamba mawimbi ya redio yanaweza kuigundua ndege. Katika Vita Kuu ya Pili rada ziliwasaidia sana. Lakini lilitokea tatizo. Rada iliona ndege inakuja, haikujua kama ni ya rafiki au ya adui. Basi wakaziwekea ndege zao kifaa cha kujibu: "Mimi ni rafiki." Transponda ya leo ni mtoto wa kifaa kile.

NAMBA NNE

Transponda hujibu kwa namba yenye tarakimu nne. Mwongoza ndege, yaani mtu anayekaa mbele ya kioo cha rada, humwambia rubani aweke namba fulani. Rubani huzungusha vifundo. Kisha namba ile hutokea kwenye kioo, kando ya alama ya ndege.

Hebu chukua kalamu tufanye hesabu. Kila tarakimu ni kuanzia 0 hadi 7. Hakuna 8 wala 9. Kwa hiyo kila mahali pana nafasi 8. Zidisha 8 kwa 8 kwa 8 kwa 8. Umepata ngapi? Ni 4,096. Hizo ndizo namba zote zinazoweza kutumika.

Namba tatu kati ya hizo haziwekwi kwa mchezo. Namba 7700 maana yake ni "Niko hatarini." Namba 7600 maana yake ni "Redio yangu imekufa, siwezi kusema." Namba 7500 maana yake ni "Ndege imetekwa." Rubani au fundi akizigusa kwa bahati mbaya, atawashtua watu bure. Ni sawasawa na kupiga yowe la mwizi kijijini wakati hakuna mwizi.

JIBU LA PILI: KIMO

Transponda nyingi hujibu pia swali la pili: "Uko juu kiasi gani?" Jibu hili hutoka katika kifaa kingine kiitwacho enkoda. Enkoda hupima mgandamizo wa hewa. Ukipanda juu hewa inakuwa nyepesi, ukishuka inakuwa nzito. Wewe mwenyewe umewahi kusikia masikio yakiziba ukiteremka milima ya kwetu kwenda Kigoma ziwani. Enkoda husikia jambo lilo hilo, ila yenyewe huligeuza kuwa hesabu.

Urefu wa angani hupimwa kwa futi. Futi moja ni kama sentimeta 30. Enkoda za zamani huhesabu kwa hatua za futi 100, yaani kama mita 30.

Je, kimo kina faida gani? Hebu tazameni yaliyotokea Marekani. Tarehe 31 Agosti 1986, ndege ndogo na ndege kubwa ya abiria ziligongana juu ya mji wa Cerritos. Watu 82 walikufa, na 15 kati yao walikuwa chini, majumbani mwao. Ndege ndogo ilikuwa na transponda, lakini ilikuwa ya kutaja namba tu. Haikutaja kimo.

Tarehe 29 Septemba 2006, ndege mbili ziligongana juu ya msitu wa Brazili. Transponda ya ndege moja ilikuwa haitumi majibu, na marubani wake hawakujua. Ndege kubwa za siku hizi zina kifaa cha kumwonya rubani kwamba ndege nyingine inamkaribia. Kifaa hicho nacho hutegemea transponda. Hakuna aliyeonywa. Watu wote 154 waliokuwa katika ndege kubwa walikufa.

Hapa jirani, tarehe 5 Machi 2024, ndege ndogo ya mafunzo na ndege ya abiria ziligongana karibu na uwanja wa Wilson, Nairobi. Watu wawili wa ndege ndogo walikufa. Ndege ya abiria ilifaulu kurudi salama. Hatusemi kwamba transponda ndiyo iliyoleta ajali hiyo. Tunasema tu kwamba mbingu ni pana, lakini njia za ndege ni zile zile, kama njia za kwenda sokoni.

RADA ZETU

Tanzania ina historia yake ya rada, na ni vizuri mwananchi aijue. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 nchi yetu ilinunua rada kutoka Uingereza kwa paundi milioni 28. Watu wengi walilalamika kwamba bei ilikuwa kubwa mno. Mwaka 2010 kampuni iliyouza, BAE Systems, ilikiri mahakamani Uingereza kwamba haikutunza vizuri kumbukumbu za hesabu za biashara ile. Baadaye ililipa paundi milioni 29.5 kwa faida ya Watanzania. Fedha hizo zilinunua vitabu na madawati ya shule za msingi. Wananchi waliziita "chenji ya rada." Pengine mtoto wako alisomea kitabu kimojawapo.

Mwaka 2017 Mamlaka ya Usafiri wa Anga iliweka mkataba na kampuni ya Thales ya Ufaransa kwa ajili ya rada mpya nne. Zilisimikwa Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe. Rada iliyo karibu na sisi ni ya Mwanza.

Lakini Mwanza ni mbali. Kutoka Kibondo, kwa mstari ulionyooka, ni kama kilometa 270. Kutoka Kasulu ni zaidi ya kilometa 380. Mawimbi haya huenda moja kwa moja kama mshale. Hayapindi kilima. Tena dunia ni mviringo. Kwa hiyo ndege iliyo chini kiwanjani Kasulu haiwezi kusikia swali la rada ya Mwanza. Ni lazima ipande juu kwanza.

Kumbuka jambo hili. Tutalihitaji sasa hivi.

FUNDI ANATAFUTAJE UBOVU?

Mtu asiye fundi huanza kwa kufungua. Anachukua bisibisi, anatoa kila kitu, halafu hajui kurudisha. Fundi wa kweli huanza kwa kuuliza na kusoma. Zifuatazo ni hatua zake.

Kwanza: Je, ni ubovu, au hakuna aliyeita?

Kile kitaa kidogo cha transponda humetameta kila inapojibu. Rubani mgeni akiwa kiwanjani Kibondo huona kitaa kimya, akasema, "Imekufa." Haikufa! Hakuna aliyeiuliza. Asiyeitwa haitiki. Ni kama simu yako ukiwa bondeni mahali pasipo na mtandao. Simu ni nzima, chaji imejaa, lakini haipigi. Je, utaipeleka kwa fundi? La, utapanda kilimani kwanza.

Pili: Ubovu unatokea lini?

Fundi humwuliza rubani: Ni wakati wote au mara moja moja? Ni karibu na rada au mbali? Ni wakati wa kukata kona? Kila jibu linaonyesha njia.

Kama ndege huonekana ikiwa karibu na kupotea ikiwa mbali, nguvu ya kutuma ni ndogo. Transponda nyingi za zamani zina valvu ndani yake, kama redio za mbao za wazee wetu. Valvu huhitaji kama dakika moja kupata moto kabla ya kufanya kazi. Na huchoka kwa miaka, kama betri za tochi zinavyochoka. Sauti yake inafika karibu, haifiki mbali.

Kama ndege hupotea ikikata kona tu, pengine si ubovu. Antena iko tumboni mwa ndege. Ndege ikilala upande, mwili wake huikinga antena isione rada. Ikinyooka, jibu hurudi.

Kama ndege huonekana, hupotea, huonekana tena, hata ikiwa imenyooka, fundi hushuku mahali palipolegea.

Tatu: Je, umeme unafika?

Fundi hutazama swichi ya kujikata, ile inayoruka umeme ukizidi. Hupima volti za betri na za jenereta ya ndege. Umeme ukiwa mdogo taa za ndege zinaweza kuwaka, lakini transponda ikashindwa kutuma. Hata nyumbani, sola iliyochoka huwasha taa lakini haiwashi televisheni.

Nne: Je, sanduku limekaa vizuri?

Transponda imechomekwa ndani ya fremu yake kama droo ndani ya meza. Nyuma kuna vijino vya kuunganisha umeme na antena. Ndege ikitua kwenye viwanja vya udongo hutikisika sana. Polepole droo hutoka, pengine kwa upana wa punje ya mchele tu. Hiyo inatosha kukata mawasiliano. Fundi huisukuma ndani, akaikaza skrubu yake. Mara nyingi ugonjwa huishia hapo, bila hata shilingi moja ya vipuri.

Tano: Antena na kebo

Antena ya transponda ni fupi, kama sentimeta 7, yaani urefu wa kidole. Iko chini ya tumbo la ndege. Huko ndiko matope yanakorukia. Huko ndiko oili ya injini inakotiririkia. Matope na oili vikichanganyika huganda. Maji hupenya, kutu inaanza. Fundi hufuta, hutazama kama antena imepinda au imevunjika, na kama shina lake limeshikana vizuri na bati la ndege. Kisha hufuata kebo kutoka mwanzo hadi mwisho, akitafuta mahali palipobanwa au kuchubuka.

Sita: Je, kimo ni cha kweli?

Hapa watu wengi hudanganyika. Rubani ana saa yake ya kimo, iitwayo altimita. Ina kifundo cha kurekebisha kufuatana na hewa ya siku ile. Lakini enkoda haina kifundo. Siku zote huhesabu kwa kipimo kimoja cha dunia nzima, hektopaskali 1013. Kwa hiyo kimo cha altimita na kimo cha enkoda vinaweza kutofautiana, na vyote viwili ni vizima! Ni kama watu wawili wanaopima mahindi, mmoja kwa debe na mwingine kwa kilo. Fundi huiweka altimita kwenye 1013 kwanza, ndipo hulinganisha. Sheria ya Marekani inataka tofauti isizidi futi 125.

Lakini kama kimo kinaruka ghafla, leo futi 9,000, dakika ile ile futi 5,000, fundi hushuku waya. Enkoda za zamani hupeleka hesabu kwa waya kadhaa. Kila waya ama una umeme, ama hauna. Waya mmoja ukikatika, hesabu yote inaharibika. Wewe mwanakisomo unalijua hili. Andika 1,500. Sasa futa ile 1 ya mwanzo. Umebaki na 500. Umefuta alama moja tu, umepoteza elfu moja.

Saba: Badilisha kitu kimoja

Kama yote hayo ni mazima, fundi huchukua transponda nyingine ya aina ile ile, iliyo nzima, akaichomeka mahali pa ile ya zamani. Ikifanya kazi, sanduku la kwanza ndilo bovu. Isipofanya kazi, sanduku halina kosa. Ubovu umo ndani ya ndege: kwenye waya, antena au umeme. Lakini abadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja. Akibadilisha vitatu pamoja, ndege itapona naye hatajua kilichoiponya.

Nane: Pima, kisha andika

Mafundi wana chombo cha kupimia kinachojifanya rada. Huwekwa karibu na ndege, kikauliza maswali, na kusoma majibu. Kazi ikiisha, fundi huandika katika daftari la ndege: ubovu uliokuwapo, alichofanya, tarehe, na sahihi yake. Kazi isiyoandikwa katika daftari hilo huhesabiwa kuwa haikufanyika. Tena si kila mtu anaruhusiwa. Ni lazima awe fundi mwenye leseni ya kazi hiyo.

SIKU ILE KASULU

Sasa turudi kiwanjani.

Kwa bahati nzuri ndege ile ilikuja na fundi wake. Rubani alimweleza hivi: Walipotoka Mwanza, mwongoza ndege aliwaona. Baadaye akawaambia, "Alama yenu inapotea, inarudi, inapotea tena." Ndege ilikuwa juu sana, imenyooka. Na ndege nyingine iliyopita njia ile ile ilionekana bila taabu. Basi kosa halikuwa la rada, wala la milima.

Fundi hakugusa bisibisi. Alifungua daftari la ndege akalisoma kurasa za nyuma. Akasimama mahali pamoja. Juma moja kabla, rubani mwingine alikuwa ameandika kwa mkono wake: alama ya transponda ni dhaifu, hukatika baada ya kutua kiwanja chenye matope. Chini ya maneno yale hapakuwa na kitu. Hakuna aliyejibu. Hakuna aliyetia sahihi.

Fundi alitikisa kichwa. Akaingia chini ya tumbo la ndege na tambara.

Tulimwona akifuta oili na udongo mwekundu uliokauka. Alifungua kifuniko, akashika kebo ya antena. Ikacheza mkononi mwake. Kichwa cha kebo kilikuwa kimelegea, na ndani yake mlikuwa na kutu ya kijani. Alisafisha, akakausha, akakaza. Akakagua droo ya transponda. Akapima umeme. Kisha akaandika katika daftari na kutia sahihi.

Je, imepona? Hapo ndipo palipokuwa na ugumu. Chombo cha kupimia hakikuwapo. Na kama tulivyosema, ardhini Kasulu hakuna rada inayouliza. Kitaa kilikaa kimya, naye fundi alijua ukimya ule haumwambii chochote.

Rubani alipiga simu kwa waongoza ndege akawaeleza kila kitu bila kuficha. Walikubaliana. Ataruka mchana, mbingu ikiwa nyeupe. Atataja kwa redio mahali alipo na kimo chake. Nao watamwekea nafasi kubwa mbali na ndege nyingine, mpaka wahakikishe wanamwona.

Mama aliingizwa ndani kwa machela. Ndege iliruka saa saba kasoro robo. Baadaye jioni dereva wa gari la wagonjwa alipata simu kutoka Mwanza. Ndege ilipopanda juu, rubani aliambiwa neno moja tu: "Nakuona." Na mama alifika, akapokelewa.

TUNAJIFUNZA NINI?

Mzee yule alisema kweli kwamba mtu alikuwa anaumia. Rubani naye alisema kweli kwamba ndege isiyoitika inaweza kuua watu wengi zaidi. Wote wawili walikuwa na haki. Aliyekosa ni yule aliyesoma maneno ya daftari juma moja kabla asiyafanyie kazi, au ambaye hakuyasoma kabisa. Kukaza kichwa cha kebo ni kazi ya dakika chache. Maneno yale yalipopuuzwa, mama mgonjwa alilipa kwa zaidi ya saa tatu za maumivu chini ya mti.

Tazameni basi faida ya kusoma na kuandika. Rubani wa kwanza aliandika mstari mmoja tu. Mstari ule ndio uliomwonyesha fundi pa kutazama. Lakini kuandika ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kusoma na kutenda.

Katika vijiji vyetu tuna pampu za maji, mashine za kusaga, sola za zahanati na pikipiki. Je, kila kimoja kina daftari lake? Pampu ilikorofisha lini? Fundi alibadilisha nini? Nani alitia sahihi? Tusiposema ubovu kwa kuogopa lawama, ubovu hautaondoka. Utangoja siku mbaya.

Na kiwanja cha ndege je? Huko nako tuna wajibu. Tusipitishe ng'ombe wala baiskeli katikati ya njia ya ndege. Tuwazuie watoto. Tukiona shimo jipya au dimbwi, tumwarifu mwenyekiti wa kijiji au msimamizi wa kiwanja siku hiyo hiyo. Antena ya ndege ile iliharibiwa na matope. Huenda ni matope ya kiwanja kama chetu.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Rada humulika, na rada huuliza. Eleza tofauti kwa maneno yako mwenyewe.

2. Kitaa cha transponda kimekaa kimya kiwanjani Kibondo. Kwa nini tusiseme mara moja kwamba imekufa?

3. Namba zenye tarakimu nne, kila tarakimu kuanzia 0 hadi 7, ni 4,096. Je, zingekuwa ngapi kama tarakimu zingekuwa tatu tu?

4. Tochi yako haiwaki. Taja hatua utakazofuata kutafuta ubovu, kuanzia iliyo rahisi na isiyo na gharama.

5. Chagueni chombo kimoja cha kijiji chenu. Tengenezeni daftari lake leo. Andikeni tarehe, hali ya chombo, na jina la atakayelisoma kila juma.